Aretha Hakuwahi Kuondoka Kanisani

Filamu ya Amazing Grace ina urefu wa karibu saa moja na nusu, na muda wote huo Aretha Franklin ni kama hana la kuwaambia watu. Hasalimii, hatangazi wimbo unaofuata, hachekeshi, hasimulii alikotoka. Anaingia, anakaa kwenye piano, anafumba macho, anaimba. Kazi ya kukaribisha na kutania ameachiwa mchungaji aliye pembeni yake. Sisi tuliozoea matamasha ambako mwimbaji humaliza robo ya muda akiuliza kama watu wapo, na kama wapo basi wapige kelele, tunaweza kuuona ukimya huo kuwa ni maringo. Wala si maringo. Yule ni mtu aliye kazini, na kazi yenyewe aliianza akiwa mtoto.

Mahali ni New Temple Missionary Baptist Church, kanisa la Wabaptisti weusi katika mtaa wa Watts, kusini mwa Los Angeles. Jengo lilikuwa ukumbi wa sinema kabla ya kugeuzwa nyumba ya ibada. Nyuma ya kwaya umechorwa mchoro mkubwa wa Yesu. Mtaa huo ulijulikana dunia nzima Agosti 1965, kwa ghasia za siku sita zilizoua watu 34, na watu wengi waliousikia kwa habari hizo hawakusikia tena habari nyingine yoyote kutoka huko. Sasa ilikuwa Alhamisi, Januari 13, 1972, na Ijumaa iliyofuata. Nje kuna mitambo ya kurekodi sauti. Ndani kuna taa kali za filamu, nyaya zimetambaa sakafuni, na wapiga picha wanapishana na waumini.

Aretha alikuwa na umri wa miaka 29. Tangu 1967, alipouchukua wimbo wa Respect wa Otis Redding na kuufanya uwe wake kiasi kwamba wengi wamesahau mwenyewe alikuwa nani, kila alichokitoa kampuni ya Atlantic ilikiuza. Machi 1971 aliimba siku tatu Fillmore West, San Francisco, mbele ya vijana wazungu wenye nywele ndefu waliokuja kusikiliza roki, na siku ya mwisho akamvuta Ray Charles jukwaani. Hakuwa na ukumbi alioshindwa kuujaza. Akataka albamu ya nyimbo za Injili, tena isirekodiwe studio bali kanisani, waumini wakiwa wamekaa mbele yake. Jerry Wexler na Arif Mardin, watayarishaji wake wa Atlantic, wakakubali, na yeye mwenyewe akaandikwa mtayarishaji pamoja nao.

Lipo pengo moja ambalo kamera haiwezi kulionyesha. Kiongozi wa bendi yake pale Fillmore West, mpiga saksafoni King Curtis, alichomwa kisu na kufa New York Agosti 1971, miezi mitano kabla ya Watts. Wenzake walikuja bila yeye: Bernard Purdie kwenye dramu na Cornell Dupree kwenye gitaa. Besi ilikuwa ya Chuck Rainey, tumba za Pancho Morales, kinanda cha Ken Lupper. Purdie, Dupree na Rainey ndio waliopiga Rock Steady, wimbo wa Aretha wa 1971 ambao hauna habari yoyote na mbinguni. Ni wa kuchezesha miguu. Hapa wanapiga nyimbo za kanisa, na mkono ni uleule. Ukimsikiliza Rainey kwenye nyimbo za haraka, besi inatembea kama inavyotembea kwenye Rock Steady, na hakuna bibi hata mmoja pale kanisani anayeonekana kukerwa.

Mchungaji anayeongoza ni James Cleveland, mzaliwa wa Chicago, wakati huo mtu mwenye uzito kuliko wote katika muziki wa Injili. Yeye na Aretha wanafahamiana tangu zamani: Cleveland aliwahi kuongoza muziki katika New Bethel Baptist Church ya Detroit, kanisa la baba yake Aretha, na alimkuta pale bintiye huyo akiwa mdogo na kumwonyesha mambo kadhaa kwenye piano. Kwaya ni ya Cleveland, Southern California Community Choir, na mwalimu wa kwaya ni Alexander Hamilton. Hamilton haongozi kwa mikono tu. Mwili wote unafanya kazi: anachuchumaa kupunguza sauti, anaruka kuipandisha, anainua kidole kimoja na safu nzima ya soprano inakatika palepale. Waliofundisha kwaya watamtazama yeye zaidi ya wanavyomtazama Aretha, na hawatakuwa wamepoteza muda.

Walifanya mazoezi kwa siku kadhaa kabla ya hapo, katika kanisa la Cleveland. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kusimulia zile siku mbili kana kwamba Roho alishuka tu, kila mtu akajikuta anaimba. Sehemu za kuitikia zilipangwa. Ufunguo wa kila wimbo ulipangwa. Mahali pa kwaya kunyamaza palipangwa. Kwa kuwa yote hayo yalishakaa sawa, Aretha aliweza kutoka nje ya mpango kila alipotaka, akijua watu wote 30 na kitu wa nyuma yake watamfuata aendako.

Wakati albamu inatoka, na hata leo, habari iliyoandikwa ni ileile: malkia wa soul arudi kanisani. Mtu wa kwanza kuikataa alikuwa baba yake. Mchungaji C. L. Franklin hakuwa mhubiri wa kawaida. Mahubiri yake yaliuzwa kwenye santuri Marekani yote, na watu waliyanunua kama walivyonunua muziki. Siku ya pili anaitwa mbele aseme neno, na anasimulia kisa kidogo. Alikwenda kwa dobi kuchukua nguo zake. Mama mmoja pale akamwambia amemwona binti yake kwenye televisheni. Baba akamuuliza aliionaje kazi yake. Mama akasema ilikuwa nzuri, lakini atafurahi siku binti huyo atakaporudi kanisani. Mchungaji akamjibu kwamba Aretha hajawahi kuondoka kanisani. Watu wanalipuka kwa makofi.

Mtu anaweza kusema baba anamtetea mwanawe. Nadhani alikuwa anasema jambo la kiufundi kabisa. Chukua wimbo wowote wa mapenzi wa Aretha wa miaka ile, uondoe maneno, uache jinsi anavyoimba: anaanza chini kama anaongea, anarudia neno moja mpaka libadilike, anapanda na kuacha kundi la waitikiaji lijaze nafasi, kisha anakatisha pale ambapo msikilizaji alishajiandaa kwa kelele. Huo ni mwendo wa mahubiri ya Kibaptisti, mwendo wa baba yake. Soul nzima imejengwa juu yake. Huwezi kurudi mahali ulipokuwa unachukua malighafi yako kila siku. Na kwetu pia tunayajua maneno ya yule mama wa dobi. Mwimbaji wa kwaya akionekana mara moja tu akiimba na bendi ukumbini, Jumapili inayofuata minong'ono inamtangulia mlangoni.

Nyimbo alizochagua zinathibitisha maneno ya baba. Anafungua na Wholy Holy ya Marvin Gaye, kutoka albamu ya What's Going On iliyotoka miezi michache tu kabla. Anachukua You've Got a Friend ya Carole King, wimbo uliokuwa ukipigwa redioni, anauunganisha na Precious Lord wa Thomas Dorsey, ambao Dorsey aliutunga 1932 baada ya mkewe kufa katika uzazi na mtoto kumfuata. Ule urafiki wa Carole King, wa mtu na mtu, unabadilishiwa mwenyewe bila kubadili mengi: sasa rafiki ni Yesu, na simanzi ya Dorsey inaingia katika wimbo wa msichana wa New York kana kwamba ilikuwa humo siku zote. Carole King huyohuyo alikuwa mmoja wa watunzi wa A Natural Woman, ambao Aretha aliuimba 1967. Upo pia wimbo ambao waumini wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu kwa jina la Yesu Kwetu ni Rafiki. Wao tumezoea kuwasikia wakiuimba kwa utulivu, wamesimama wima, kitabu mkononi. Aretha na Cleveland wameupa mwendo wa kupiga makofi, na msikilizaji aliyeuzoea hivyo itambidi asubiri kidogo kabla ya kuutambua.

Halafu Amazing Grace wenyewe, usiku wa kwanza. Maneno yake yaliandikwa na John Newton, Mwingereza aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa padri, yakachapishwa 1779. Kwamba wajukuu wa waliosafirishwa katika meli kama zile ndio walioupa wimbo huo sauti yake kubwa kuliko zote ni jambo ambalo kanisani Watts halikuhitaji kuelezwa. Dramu zinanyamaza. Aretha anaimba kwa karibu dakika 11, na katika dakika hizo anapita sehemu ndogo tu ya beti. Silabi moja inapitishwa juu ya noti saba, nane, inashushwa, inapandishwa tena, kama msomaji hodari wa kaswida anavyoivuta herufi mpaka wasikilizaji wanasahau kupumua. Mapigo hayahesabiki, mpiga kinanda anamsubiri tu, na kila Aretha anapopumua ndipo anapojua wapi pa kuweka mkono. Kwaya, ambayo kazi yake ni kukaa na kuitikia, inaanza kuinuka mmoja mmoja bila kuambiwa. Cleveland anaacha piano, anakaa, anafunika uso kwa kitambaa na kulia. Mtu aliyeimba wimbo huo katika mazishi na ibada zisizo na idadi anashindwa kuendelea na kazi.

Nimeiangalia sehemu hiyo nikitafuta mahali ambapo Aretha mwenyewe anazidiwa, sikupapata. Analia kwa sauti, uso unamwagika jasho, lakini pumzi haikosei hata mara moja. Wote wanaomzunguka wamepoteza mwelekeo naye yuko pale anapima. Wengine huona huo ni ubaridi. Mimi naona ndiyo tofauti ya mwimbaji mkubwa na muumini mwenye sauti nzuri: muumini anaruhusiwa kubebwa na wimbo, mwimbaji ana watu wa kuwabeba.

Usiku wa pili watu ni wengi zaidi. Aretha, ambaye jana alivaa vazi jeupe la kumetameta, leo amevaa kaftani yenye rangi ya kijani. Nyuma kabisa ya ukumbi wapo Mick Jagger na Charlie Watts wa Rolling Stones, waliokuwa Los Angeles wakimalizia albamu. Kamera inawapenda, waandishi wameandika mno habari zao, na mimi naishia hapo. Wageni wenyewe wamekaa mstari wa mbele: baba yake, na Clara Ward. Clara ndiye mwimbaji wa Injili aliyemfanya Aretha atake kuimba. Katika mazishi ya shangazi yake Aretha, Clara aliimba kwa nguvu mpaka akavua kofia na kuitupa chini, na mtoto aliyekuwa anatazama akaamua palepale kazi yake itakuwa ipi. Sasa mtoto huyo anaimba, na Clara ndiye anayetazama.

Siku hiyo kuna Mary Don't You Weep, kisa cha Lazaro na dada zake, na kwangu hicho ndicho kilele cha siku zote mbili, juu hata ya Amazing Grace. Kwaya inaweka mwendo wa polepole, mzito, usiobadilika, na Aretha anasimulia juu yake kama mhubiri. Inapofika pa kumwita marehemu atoke kaburini, anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara kwa sauti nyingine kabisa. Halafu anakaa kwenye piano na kuimba Never Grow Old, wimbo aliourekodi 1956 katika kanisa la baba yake, akiwa na umri wa miaka 14. Baba anainuka kitini, anaenda kwenye piano, na kumfuta jasho usoni huku binti akiendelea kupiga na kuimba. Hakuna aliyepanga hilo. Baba amemwona mwanawe anatota jasho, akaenda kumfuta.

Wiki mbili baadaye, Januari 27, mwimbaji wa Injili Mahalia Jackson alifariki, na Aretha akaimba katika mazishi yake Chicago. Januari 1973 akafa Clara Ward. C. L. Franklin alipigwa risasi nyumbani kwake 1979, akakaa miaka mitano bila fahamu mpaka kifo chake 1984. Aliyeanza kuitazama filamu leo anajua hayo yote. Waliokaa kwenye viti hawakujua.

Albamu ilitoka Juni 1972, santuri mbili, ikauzwa zaidi ya nakala milioni mbili Marekani na kuzipita albamu zake nyingine zote. Filamu haikutoka. Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imemtuma Sydney Pollack, mwongozaji wa filamu za kuigiza aliyekwisha kuteuliwa kuwania Oscar. Alikuja na kamera za milimita 16 na wapiga picha hodari, wakakusanya takriban saa 20 za picha. Kilichokosekana ni kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera kabla ya kila pigo. Katika filamu za enzi hizo picha ilikwenda kwenye mashine moja na sauti kwenye nyingine, na mlio wa kibao ndio uliomwonyesha mhariri wapi pa kuzioanisha. Katika tamasha kila kamera inazimwa na kuwashwa mara nyingi, kila inapobadilishiwa mkanda au kuhamishwa, na kila ikiwaka inataka alama mpya. Bila alama unabaki na mamia ya vipande vya watu wanaofungua midomo, usijue ni kwa neno lipi la dakika ipi. Mbaya zaidi ni kanisa: watu wanapiga makofi wakati wote, na kofi moja halitofautiani na jingine. Walijaribu kusoma midomo. Wakachoka. Mikanda ikafungiwa stoo kwa takriban miaka 35.

Mtayarishaji Alan Elliott ndiye aliyenunua haki za filamu hiyo kutoka Warner mwaka 2007. Pollack alifariki 2008. Kompyuta zikafanya kwa miezi kile ambacho mikono ilishindwa, picha ikakutana na sauti yake. Ndipo Aretha akasema hapana. Alimshtaki Elliott 2011, na 2015 jaji akazuia filamu isionyeshwe katika tamasha la Telluride, Colorado. Hoja yake ilikuwa haki ya mtu juu ya sura yake na jina lake: hakuna wa kuuza usiku ule bila ridhaa ya yeye aliyeuimba.

Wengi walimwona mkaidi. Waliomjua hawakushangaa. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akitaka malipo yake mkononi, taslimu, kabla hajafungua mdomo, na pochi yenye fedha hizo akipanda nayo jukwaani. Desemba 2015 alipomwimbia Carole King kwenye Kennedy Center, mbele ya Rais Obama anayejifuta machozi, alikuja na pochi yake mpaka kwenye piano. Alikulia miongoni mwa wanamuziki weusi waliojaza kumbi na kufa maskini kwa sababu fedha ilipitia mikono mingine kwanza. Kwa hiyo mtu alipokuja na saa 20 za jasho lake, na za baba yake na Clara Ward ambao hawakuwepo tena kuulizwa, akitaka kuziuzia tiketi, jibu lingeweza kuwa lipi? Naamini alikuwa na haki ya kukataa. Nimeitazama filamu hiyo pia, na sijui ningefanyaje nisingeiona. Mambo hayo mawili hayapatani na sina njia ya kuyapatanisha.

Aretha alifariki Detroit Agosti 16, 2018. Familia ikatoa ridhaa, na filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Novemba mwaka huohuo.

Asiyewahi kuisikia kazi hii, ushauri wangu ni aanze na sauti, picha zifuate baadaye, na asichukue albamu ya 1972 bali toleo kamili la 1999. Ile ya zamani ilichagua na kupanga upya. Toleo kamili linafuata mtiririko wa siku zenyewe, na maneno ya baba yamo. Humo utagundua kwamba nyimbo kadhaa ziliimbwa siku zote mbili: Wholy Holy, Climbing Higher Mountains, Precious Memories, na ule wa Yesu Kwetu ni Rafiki. Piga wa Alhamisi, halafu wa Ijumaa. Kwaya, bendi na mpangilio ni vilevile, na Hamilton anainua kidole chake palepale. Aretha hapiti njia moja mara mbili.